Dini, Deni na Kesho Iliyobuniwa

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi mjini Tanga, mbele ya walimu, wanafunzi na wasomaji wenzangu wa hadithi za kisayansi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kama kuna niliyemruka, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie pesa na dini katika hadithi za kisayansi, zile hadithi za kesho ambayo haijafika: vyombo vya angani, sayari za mbali, mashine zenye akili. Mwalimu mmoja alinikuta pale mlangoni akaniuliza, "Sasa huko kwenye maroketi, dini inaingiaje?" Nikamwambia, mwalimu, kaa mbele.

Naanza na maneno mawili. Dini. Deni. Yatamkeni pamoja nami: dini, deni. Ni irabu moja tu iliyobadilika. Wanaojua Kiarabu watawaambia kwamba maneno haya yametoka kwenye shina moja: dali, ya, nuni. Dini ni njia ya mtu kwa Mola wake. Deni ni kile anachodaiwa na mwenzake. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyaweka mlango kwa mlango.

Nimezisoma hadithi hizi kwa miaka zaidi ya 20, na kila nikifunga kitabu najiuliza swali lile lile: katika dunia hii iliyobuniwa, nani anamdai nani? Maana nimeona jambo moja. Mwandishi akijaribu kuifuta pesa, dini inabaki inashika hesabu. Akijaribu kuifuta dini, pesa inapanda mimbari. Hilo ndilo nililolileta kwenu leo.

Twende Marekani, mwaka 1888. Edward Bellamy anatoa kitabu kiitwacho Looking Backward. Kijana tajiri wa Boston, Julian West, amesumbuliwa na kukosa usingizi, analazwa kwa mbinu za mtaalamu mwaka 1887, na anaamka mwaka 2000. Anakuta pesa hakuna. Noti hakuna, sarafu hakuna, benki hakuna. Kila raia anapewa kadi ya karatasi ngumu yenye vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kadi hiyo limo fungu lake la mwaka, sawa na la mwenzake. Ukienda kuchukua kitambaa cha nguo, karani anatoboa vyumba kulingana na thamani. Basi. Na Bellamy aliiita kadi ya mkopo, miongo mingi kabla ya benki yoyote kumpa mteja kadi.

Sasa, Jumapili ikafika. Wenyeji wake Julian hawavai viatu kwenda kanisani. Wanakaa sebuleni na kumsikiliza Bwana Barton akihubiri kwa simu. Mhubiri huyo, tunaambiwa, hahubiri kwingine ila kwenye simu, na wasikilizaji wake mara nyingi wanafika 150,000. Ndugu zangu, hayo yaliandikwa mwaka 1888! Kuna mtu humu ndani ambaye hajawahi kusikiliza mawaidha kwa simu akiwa jikoni anakaanga vitumbua?

Lakini tazameni kitu kidogo ambacho wasomaji wengi wanakipita. Julian anauliza wahubiri wanaishije katika nchi isiyo na pesa. Anajibiwa kwamba watu wakimtaka mhubiri, wanakatwa kwenye kadi zao kulifidia taifa kazi ambayo mtu huyo angeifanya. Mnaona? Bellamy amefuta benki, amefuta mshahara, amefuta mirathi ya matajiri, lakini sadaka imemshinda kuifuta. Imebaki ndani ya kadi, tundu kwa tundu.

Kwetu M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania ikaingia 2008. Leo ukiingia katika nyumba nyingi za ibada utakuta namba ya malipo imebandikwa ukutani, karibu na ratiba ya ibada. Silaumu. Kwa mama mzee asiyeweza kutoka nyumbani, hiyo ni rehema. Ila Bellamy aliamini kwamba ukiiondoa sarafu mkononi mwa mtu utakuwa umeiondoa tamaa moyoni mwake. Sarafu tumeiondoa. Tuulizane wenyewe kama tamaa imeondoka.

Sasa nije kwenye kesho inayotuhusu kwa jina. Mwaka 1966 runinga ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, tamthilia ya mabaharia wa chombo cha angani, na kwenye chombo kile alikuwamo afisa mwanamke mweusi, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetoka katika neno letu, uhuru. Na katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba mwaka ule, kiumbe anayebadili sura anamjia kwa umbo la kijana mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kiswahili, angani, mwaka 1966! Mara ya kwanza nilipoiona sehemu ile nilisimama kwenye kiti.

Dunia ile ya Star Trek, kadiri vipindi vilivyoendelea, ilijulikana kuwa dunia isiyo na pesa. Katika filamu ya mwaka 1996 nahodha Picard anamweleza mwanamke wa karne ya 21 kwamba katika karne ya 24 pesa haipo. Na muasisi wake, Gene Roddenberry, hakutaka dini iwe na nafasi kwa binadamu wa kesho ile. Yaani alifuta vyote viwili kwa mpigo mmoja: pesa nje, dini nje.

Kilifuata nini? Waandishi wake waliwabuni Waferengi. Hawa ni wafanyabiashara wenye masikio makubwa, na kwao faida ndiyo ibada yenyewe. Wana Kanuni za Kujipatia, 285 kwa idadi, na wanazikariri kama vijana wetu wanavyokariri juzuu. Akhera yao ni Hazina ya Mungu kwa aliyekufa na faida, na kwa aliyekufa maskini ni chumba cha ufukara wa milele. Sarafu yao ni kimiminika kinachoitwa latinum, kimefungiwa ndani ya dhahabu, na dhahabu yenyewe kwao haina thamani, ni ganda tu. Wengi huwatazama Waferengi wakacheka. Mimi huwatazama nikanyamaza. Jiulizeni: mbona binadamu walipovuliwa pesa na dini, vitu hivyo viwili havikupotea, vikahamia pamoja kwa jirani, vimefungwa fundo moja?

Nitaeleza kwa ufupi habari ya Isaac Asimov, mwandishi wa Marekani, maana wengi wenu mmemsoma. Katika Foundation, kitabu cha mwaka 1951, kuna sayari ndogo, Terminus, isiyo na jeshi wala madini. Ina elimu tu. Majirani zake wamerudi nyuma, hawajui tena nguvu za nyuklia. Terminus inawapelekea mitambo, lakini inawapelekea ikiwa imevishwa joho. Mafundi wanafunzwa kama makasisi: wanajua kubonyeza, wanajua kufukiza ubani, hawajui mtambo unafanyaje kazi. Siku ufalme jirani unaposhambulia, kasisi aliye ndani ya meli ya kivita anailaani meli, na meli inazimika. Baadaye anakuja mfanyabiashara, Hober Mallow, anasema dini imekwisha kazi, sasa nitauza vyombo vya nyumbani bila kasisi. Anauza. Vita vinapokuja, anaacha vyombo viharibike jikoni kimoja kimoja, hadi adui anachoka.

Niliposoma hayo nilimkumbuka David Livingstone. Mwaka 1857, pale Cambridge, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba anarudi Afrika kujaribu kufungua njia ya biashara na Ukristo. Alivitaja pamoja, kwa pumzi moja. Na Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Kianglikana limejengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Simameni pale siku moja. Soko chini, madhabahu juu. Asimov hakuhitaji kwenda Terminus. Angeshuka tu bandarini kwetu.

Jambo linalonisumbua katika hadithi ya Asimov ni ufunguo. Upande mmoja unashika ufunguo, upande mwingine unashika imani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanachama wa kikoba cha wanawake hapa hapa mjini. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua nimsaidie kuandika. Kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya bluu, lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti, na mama aliyelilaza sanduku kwake hakuwa na ufunguo hata mmoja. Kabla ya kufungua, mmoja alisoma Fatiha, mwingine akaomba kwa jina la Yesu, wote wakaitikia amina. Ndipo kufuli zikafunguliwa, moja, mbili, tatu. Hisa zikapigwa mihuri kwenye vitabu, na kando, kwenye bakuli la plastiki, zikawekwa pesa za mfuko wa jamii, za ugonjwa na msiba. Hakukuwa na aliyelaani meli ya mwenzake. Kila mmoja aliona ndani ya sanduku.

Shikilieni sanduku hilo. Nitalirudia.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965. Sisi wa pwani tunaisoma kwa masikio yetu wenyewe. Mahdi. Jihadi. Maneno hayo Mmarekani anayatafuta kwenye faharasa ya kitabu; sisi tumekua nayo. Kuna sayari ya jangwa, Arrakis, na katika ulimwengu mzima ni huko tu kunakopatikana kiungo kinachoitwa melange. Bila kiungo hicho vyombo havisafiri kati ya nyota. Mwenye kiungo ndiye mwenye dunia. Mtu wa Pemba haelezwi hilo mara mbili. Katika karne ya 19 karafuu iliamua nani atawale, nani alime, na nani auzwe sokoni ili shamba lipaliliwe.

Na dini? Kuna jumuiya ya wanawake, Bene Gesserit, waliotangulia karne nyingi kabla kupanda ngano na tabiri kwenye sayari za watu maskini. Walipanda habari za mama na mwana watakaokuja kuwaokoa. Hawakuipanda kwa imani. Waliipanda kama akiba, ili siku mmoja wao akikwama ugenini aidai. Sikilizeni neno hilo: aidai. Dini imewekwa benki. Na Jessica na mwanawe Paul wanapokimbilia jangwani, wanaitoa akiba ile. Watu wa jangwani, Wafremeni, wanalipa. Wanalipa kwa damu, sayari kwa sayari.

Lakini Herbert ametuachia pia sehemu nyingine, na naomba wanafunzi mkaisome tena leo usiku. Paul anapigana na Mfremeni aitwaye Jamis, anamuua. Ni mara yake ya kwanza kuua mtu kwa kisu. Kwenye jangwa lile maji ni uhai, kwa hiyo maji ya mwili wa marehemu yanakamuliwa na kurudishwa kwa kabila, na mshindi anapewa vipete vya chuma vinavyohesabu maji yale. Paul anapewa vipete vya lita 33 na ushee. Ndiyo utajiri wa pale, maji, na kipete ni hati yake. Kwenye mazishi yenyewe wanakaa pamoja. Vitu vya Jamis vimewekwa katikati, na mmoja mmoja wanasimama kusema, "Nilikuwa rafiki wa Jamis," na kutaja lile alilowatendea. Kila anayesimama anakiri deni. Inafika zamu ya Paul. Kijana wa miaka 15, mbele ya jamaa wa mtu aliyemuua. Anasimama, anasema naye alikuwa rafiki wa Jamis, na kwamba Jamis amemfundisha kuwa ukiua, unalipa. Sauti inamkatika. Machozi yanamtoka.

Na pango zima linatetemeka. Wananong'onezana: anampa marehemu maji! Kwa sababu kule chozi ni mali. Hakuna anayelia hovyo. Kulia ni kufungua mfuko wako na kumwaga yaliyomo kwa mtu ambaye hawezi tena kukulipa. Ndugu zangu, nimesikia hotuba nyingi za sadaka katika maisha yangu, na sijasikia inayolishinda chozi lile.

Dada yetu wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliigusa sehemu hiyo hiyo kwa njia yake katika filamu fupi ya mwaka 2009, Pumzi. Vita vya maji vimekwisha, nje hakuna kinachoota, watu wanaishi ndani na kutumia tena jasho na mkojo wao. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo ulio hai, anapanda mbegu, anaiota miti ilhali ndoto zimepigwa marufuku. Anatoroka na mche wake. Maji aliyobaki nayo anaupa mche, na mwisho anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe. Kahiu hakuweka kasisi wala msikiti wala kanisa ndani ya filamu ile. Hakukuwa na haja.

Nimetaja mbegu, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Octavia Butler, mwanamke mweusi wa California, mwaka 1993 alitoa Parable of the Sower, yaani mfano wa mpanzi, ule wa Injili. Aliiweka hadithi yake ianze mwaka 2024. Mvua imekuwa adimu, maji yanauzwa ghali kuliko petroli, watu wanajifungia nyuma ya kuta. Lauren Olamina ana miaka 15, baba yake ni mchungaji wa Kibaptisti, naye anaona ukuta hautadumu. Anafunga mzigo wa kukimbia nao: pesa kidogo, nguo, chakula, na mbegu. Ukuta unavunjwa kweli. Barabarani kuelekea kaskazini anakutana na mwanamke aitwaye Emery, aliyefanya kazi kwenye shamba ambalo kila mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa mdogo kuliko deni la dukani kwa mwajiri. Kwa deni hilo walimchukulia watoto wake wa kiume. Deni lilirithiwa kama rangi ya ngozi.

Na njiani Lauren anaunda dini. Anaiita mbegu ya dunia, na msingi wake ni kwamba Mungu ni mabadiliko. Sikubaliani naye katika itikadi hiyo. Imani yangu mnaijua. Lakini angalieni anachofanya na mbegu zake. Anazibeba yeye mwenyewe. Haombi wafuasi wamletee.

Mtaani kwetu kulikuwa na jirani aliyekuwa na cherehani. Alikuwa anashona sare za shule, na kwa sare hizo akasomesha watoto wawili. Akakutana na mhubiri mmoja aliyemwambia "panda mbegu", na mbegu maana yake ilikuwa pesa, na pesa ile ingemrudia mara mia. Aliuza cherehani. Nilimwona akiitoa nje mwenyewe, ameifunika kanga, anaipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Haikumrudia hata mara moja. Na msidhani nasema upande mmoja; nimeona pia upatu uliovishwa kanzu na kilemba, ukaondoka na akiba za watu kwa aya za Kurani. Niliposoma Butler nilijua kwamba kesho aliyoiogopa haikuhitaji mwaka 2024 kufika. Ilikuwa imeshafika kwa jirani yangu, ikaondoka na cherehani.

Hadithi ya Lauren inaishia kwenye ardhi iliyoungua. Wasafiri wanafanya msiba kwa wafu wao wote ambao hawakuzikwa, na wanapanda mbegu za mwaloni kwa kuwakumbuka. Kisha mwandishi anaweka mfano wa mpanzi kutoka Injili ya Luka, na kitabu kinafungwa.

Mtaniuliza, wewe unataka kesho ipi? Vijana mnaoandika, na nimeona madaftari yenu, mnataka kesho ipi ya Tanga, ya Lamu, ya Bukavu? Mkiandika chombo cha angani kinachotoka bandari yetu, tafadhali tuambieni ndani yake nani anashika ufunguo. Tuambieni mtu akifa huko njiani, nani anasimama kusema alimdai au alidaiwa.

Maana kwetu tunasimama. Tulipomzika mama, mjomba alisimama kando ya kaburi, udongo bado mbichi, akasema kama wasemavyo wazee wetu wote: "Mwenye kumdai marehemu aje kwa familia. Mwenye kuweza kusamehe, asamehe." Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye mkutano wa kikoba. Sanduku lile lile, bluu imebabuka pembeni. Yule mama mwandishi akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina. Mama alikuwa amebakiza mkopo wa shilingi 60,000.

Wakasema, "Sisi tumeshasamehe, mwanetu. Lakini yeye alituambia akiwa kitandani, lilipwe."

Nikalipa. Wakahesabu mara mbili, wakapiga muhuri, wakachora mstari chini ya jina lake. Halafu wakavuta lile bakuli la plastiki, la mfuko wa jamii, wakahesabu rambirambi na kunikabidhi kwa mikono miwili. Mmoja akasoma Fatiha. Mwingine akaomba kwa jina la Yesu. Tukaitikia amina, na kufuli zikafungwa, moja, mbili, tatu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.